Mfumo Unaposema "Hitilafu Imetokea": Maana ya Ujumbe Huo na Hatua za Kuchukua

Ni asubuhi ya siku ya mwisho ya uhalali wa leseni ya biashara. Mwenye duka la nafaka anafungua ukurasa wa huduma katika simu yake, anajaza Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, anajaza namba ya kitambulisho cha Taifa, kisha anabofya kitufe cha kuomba ankara. Kiduara kinazunguka kwa muda, halafu yanajitokeza maneno mekundu: "Hitilafu imetokea. Jaribu tena baadaye." Anajaribu mara ya pili na ya tatu. Maneno hayabadiliki. Anafunga duka, anapanda bodaboda na kwenda ofisi ya kata.

"Shikamoo mama," mtumishi aliye dirishani anamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Leseni yangu inaisha leo na mfumo unakataa. Kosa ni langu au ni lenu?"

Mtumishi anafungua kompyuta, anaandika namba zile zile na kukutana na maneno yale yale. "Mfumo unasumbua, mama. Labda mchana utakaa sawa."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini wakazi wengi wanaufahamu kwa uzoefu. Katika mfano huu mchana ulifika na mfumo haukukaa sawa, kwa sababu haukuwa na tatizo lolote. Tarakimu mbili za kitambulisho zilikuwa zimebadilishana nafasi wakati zikinakiliwa kwenye karatasi. Huduma inayohakiki utambulisho ilikuwa imejibu waziwazi kwamba namba hiyo haimo katika kumbukumbu. Jibu hilo lilifika hadi kwenye ukurasa, na ukurasa ukalimeza. Mama akapoteza siku nzima, duka likiwa limefungwa, kwa kosa ambalo angeweza kulirekebisha kwa dakika moja akiwa nyuma ya kaunta yake.

Makala haya yanaeleza kinachotendeka nyuma ya ukurasa wa huduma pale mambo yanapokwama, ujumbe wa hitilafu unapaswa kumweleza nini mwananchi, na mwananchi afanye nini anapoupokea, hasa pale fedha zinapohusika.

Dirisha na ghala

Ukurasa unaoonekana kwenye simu au kompyuta ni mfano wa dirisha la huduma. Anayekaa dirishani hupokea maombi na kutoa majibu, lakini kumbukumbu zenyewe hazipo mezani pake. Zimo katika maghala mbalimbali yaliyo nyuma, na kila ghala lina mtunzaji wake. Yupo anayetunza kumbukumbu za utambulisho, yupo anayetunza orodha ya walipakodi, yupo anayetengeneza ankara na yupo anayepokea taarifa za malipo. Kwa lugha ya TEHAMA, maghala hayo ndiyo huduma za nyuma, nazo hukaa katika seva ambazo zinaweza kuwa mbali sana na ofisi ya kata.

Hivyo kubofya kitufe kimoja huanzisha safari ndefu. Katika malipo ya Serikali nchini Tanzania, tangu mwaka 2017 upo Mfumo wa Kielektroniki wa Ukusanyaji wa Mapato ya Serikali, unaojulikana kwa kifupi kama GePG. Mfumo huo ni daraja baina ya taasisi inayodai, benki na kampuni za simu. Taasisi huomba namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba. Mwananchi hulipa kwa namba hiyo kupitia benki, wakala au simu yake. Taarifa ya malipo hurudi hadi kwa taasisi, na huduma husika huendelea. Katika safari hiyo mikono ni mingi, na kila mkono unaweza kuteleza kwa sababu yake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mkono unapoteleza, kwa kawaida habari zake hurudi dirishani. Huduma ya nyuma husema imeshindwa nini, na mara nyingi husema kwa nini. Swali ni kama dirisha litamfikishia mwananchi habari hizo, na kwa maneno gani.

Namba tatu zinazobeba habari

Kompyuta zinazozungumza kupitia intaneti zina utaratibu wa kujibizana kwa misimbo ya tarakimu tatu. Utaratibu huo uliandikwa rasmi mwaka 1996 na umeongezewa mengi tangu wakati huo, lakini msingi wake haujabadilika. Tarakimu ya kwanza hueleza aina ya jibu.

Msimbo unaoanza na 2 maana yake ombi limefanikiwa. Unaoanza na 4 maana yake ombi lenyewe lina kasoro. Unaoanza na 5 maana yake ombi limefika, ila upande wa huduma umeshindwa kulitimiza. Tofauti hii baina ya 4 na 5 ina uzito mkubwa kwa mwananchi. Kasoro ya kundi la 4 mara nyingi haiponi kwa kusubiri, kwa kuwa ombi lenye namba iliyokosewa litakataliwa leo, kesho na mtondo. Kasoro ya kundi la 5 mara nyingi haiponi kwa kurekebisha fomu, kwa kuwa fomu haina ubaya wowote. Anayemwambia kila mtu "jaribu tena baadaye" anampa mgonjwa wa malaria na aliyevunjika mguu dawa moja.

Misimbo michache hukutana na wananchi mara kwa mara. Namba 400 husema ombi halikueleweka, pengine kwa sababu sehemu ya fomu imejazwa isivyotakiwa. Namba 401 husema mfumo haujamtambua mtumiaji, mara nyingi kwa kuwa muda wake wa kukaa ndani ya mfumo umekwisha na anatakiwa kuingia upya. Namba 403 husema mtumiaji anatambulika lakini hana ruhusa ya kufanya alichoomba. Namba 404 husema kilichotafutwa hakipo. Namba 429 husema maombi yametumwa mengi mno kwa muda mfupi, jambo ambalo laweza kumpata mtu anayebofya kitufe mfululizo kwa hasira.

Kwa upande wa pili, namba 500 husema huduma imepata hitilafu ya ndani isiyotarajiwa. Namba 502 husema dirisha limepokea jibu lisiloeleweka kutoka kwa huduma ya nyuma. Namba 503 husema huduma haipatikani kwa wakati huo, ama kwa kuzidiwa na maombi ama kwa kuwa iko katika matengenezo. Namba 504 husema dirisha limesubiri jibu hadi muda ukaisha.

Misimbo hii haikutungwa kwa ajili ya mwananchi kuikariri. Ni lugha ya mashine kwa mashine. Mwananchi anachostahili ni tafsiri yake katika Kiswahili kinachoeleweka.

Kwa nini habari hupotea njiani

Ukurasa wa huduma unapojengwa, mtaalamu huanza na njia iliyonyooka: fomu ikajazwa vizuri, huduma zote zikajibu, ankara ikatoka. Njia za kukwama ni nyingi na huachwa mwisho, wakati muda wa kazi umebana. Ndipo huwekwa ujumbe mmoja wa kufunika yote. Ujumbe huo humrahisishia mtaalamu kazi kwa siku moja, kisha huwaongezea wananchi na watumishi wa madirishani mzigo kwa miaka.

Yapo pia makosa ya upande wa pili. Baadhi ya kurasa humwaga kila kitu kama kilivyotoka nyuma: mistari ya programu, majina ya majedwali ya kumbukumbu, anwani za seva, tena kwa Kiingereza cha kiufundi. Ujumbe wa namna hiyo haumsaidii mwananchi, na humsaidia sana mhalifu, kwa sababu humwonyesha jinsi nyumba ilivyojengwa na mlango ulio dhaifu. Unaweza pia kufichua taarifa za mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda, na ulinzi huo hauishii pale mfumo unapopata hitilafu.

Kati ya kuficha yote na kumwaga yote ipo njia ya kati. Maelezo ya kiufundi huhifadhiwa ndani, katika daftari la matukio linalosomwa na wataalamu. Mwananchi hupewa maelezo yanayomhusu pamoja na namba ya tukio. Mtaalamu akipewa namba hiyo hufungua daftari na kukuta habari zote za tukio lile moja, bila kumhoji mwananchi upya. Jumuiya ya kimataifa inayoandaa kanuni za mawasiliano ya intaneti, IETF, ilichapisha mwaka 2016 muundo wa pamoja wa kupeleka taarifa za hitilafu kutoka huduma moja hadi nyingine, na ikautoa upya mwaka 2023. Muundo huo una nafasi ya aina ya tatizo, kichwa kifupi cha habari, msimbo, maelezo ya tukio husika na utambulisho wa tukio hilo. Huduma za nyuma zikizingatia muundo wa namna hii, dirisha halina sababu ya kubahatisha la kumwambia mwananchi.

Lipo eneo moja ambalo ufupi ni wa makusudi. Mtu akikosea wakati wa kuingia katika akaunti yake, mfumo uliojengwa kwa uangalifu husema "jina la mtumiaji au nywila si sahihi" bila kutaja ni lipi kati ya hayo mawili. Mfumo ungetaja, mtu mwenye nia mbaya angeweza kujaribu majina mengi hadi ajue nani ana akaunti na nani hana. Hapo mwananchi asione kwamba anafichwa jambo, kwani analindwa.

Ujumbe mzuri hujibu maswali matano

Mtu aliyekwama mbele ya skrini ana maswali matano, hata kama hayatamki. Nini kimetokea? Kosa liko wapi, kwangu au kwenu? Nilichokwisha kufanya kimehifadhiwa au kimepotea, na je, fedha zangu zimekatwa? Nifanye nini sasa? Nikihitaji msaada, nitaje namba gani?

Mama mwenye duka angepata ujumbe huu, safari yake isingekuwapo:

"Namba ya kitambulisho cha Taifa uliyoandika haikupatikana katika kumbukumbu. Linganisha tarakimu zote 20 na zilizo kwenye kitambulisho chako, rekebisha, kisha bofya Endelea. Hakuna ankara iliyotengenezwa na hakuna malipo yaliyofanyika. Sehemu nyingine ulizojaza zimehifadhiwa. Namba ya tukio: 48213, saa 3:20 asubuhi."

Ujumbe huo hauna neno gumu hata moja, wala haumlaumu mtu. Umetaja kitu chenye shida kwa jina lake, umeeleza hatua inayofuata na umeondoa hofu ya fedha.

Mahali ujumbe unapokaa pana umuhimu sawa na maneno yake. Kosa la sehemu moja ya fomu lionyeshwe kando ya sehemu hiyo, lisiwekwe juu kabisa ya ukurasa ambako mwenye simu ndogo halioni. Ujumbe usitoweke baada ya sekunde chache kabla ya kusomwa. Fomu isijifute, kwa kuwa kumlazimisha mtu aandike upya tarakimu 20 ni kumwalika akosee upya. Makosa yanayoweza kugunduliwa mapema, kama namba yenye tarakimu 19 badala ya 20, yaonyeshwe hapo hapo kabla ombi halijatumwa nyuma.

Rangi nyekundu peke yake haitoshi. Wapo wakazi wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, na wapo wasioona wanaosomewa skrini kwa sauti na simu zao. Mwongozo wa kimataifa wa ufikiwaji wa tovuti uliotolewa na shirika la W3C mwaka 2008 unataka kosa lililogunduliwa litajwe na lielezwe kwa maandishi, na unakataza rangi kuwa njia pekee ya kufikisha habari.

Pale fedha zinapohusika

Hitilafu zinazotia hofu kuliko zote ni zile zinazotokea katikati ya malipo. Watu wengi hudhani malipo yana hali mbili, yaani yamefanikiwa au yameshindwa. Ukweli ni kwamba ipo hali ya tatu: haijajulikana.

Fikiria mtu aliyemtuma kijana kupeleka fedha kijiji cha jirani, na kijana hajarudi. Hawezi kusema fedha zimefika, wala hawezi kusema hazikufika. Akituma kijana wa pili na fedha nyingine, huenda akalipa mara mbili. Busara ni kuuliza kwanza kule zilikopelekwa. Msimbo 504 huleta hali hiyo hiyo. Dirisha limeuliza, muda umeisha, jibu halijaja. Huenda malipo yamepokelewa na ni jibu tu lililochelewa njiani. Ukurasa unaoandika "malipo yameshindwa" katika hali hiyo unatamka jambo usilolijua, na unaweza kumfanya mwananchi alipe tena.

Ujumbe wa haki katika hali hiyo husema: "Ombi lako la malipo limetumwa, lakini jibu halijapatikana. Tafadhali usilipe tena kwa sasa. Bofya Angalia hali ya malipo, au fungua ukurasa huu baadaye kwa namba yako ile ile ya malipo."

Mifumo iliyojengwa vizuri huchukua tahadhari zaidi. Kila ombi hupewa alama yake ya pekee, na ombi lenye alama ile ile likifika mara mbili au tatu huduma ya nyuma hulitambua kuwa ni lile lile na hurudisha jibu lile lile. Kwa njia hiyo mtu aliyebofya kitufe mara nne kwa wasiwasi hupata ankara moja. Kwa upande wake, mwananchi anaweza kujilinda kwa kutumia namba ile ile ya malipo na kutoomba namba mpya kila anapokwama. Akiwa na namba tatu za deni moja, ni rahisi kulipa mbili.

Ujumbe wa simu kutoka kampuni ya simu au benki unathibitisha kwamba fedha zimetoka katika akaunti. Stakabadhi ya Serikali ndiyo inayothibitisha kwamba malipo yamepokelewa. Kati ya hayo mawili panaweza kuwa na muda wa kusubiri, na katika muda huo ujumbe wa simu usifutwe hata kidogo.

Sifuri isiyo sifuri

Watumishi nao wana kurasa zao za usimamizi, ambazo huitwa dashibodi. Humo hukusanywa pamoja taarifa za huduma nyingi: madeni, makusanyo ya siku, maombi yanayosubiri. Kosa la hatari katika kurasa hizo halina hata maneno mekundu. Huduma ya madeni ikishindwa kujibu, baadhi ya kurasa huweka sifuri mahali pa jibu lililokosekana.

Mtumishi akiona "Deni: Sh 0" atamwambia mkazi kwa nia njema kwamba hadaiwi. Mkazi ataondoka kwa amani, na baada ya muda atapokea taarifa ya deni pamoja na adhabu ya kuchelewa. Kiongozi naye akiona makusanyo ya kata ni sifuri anaweza kumtaka mkusanya ushuru maelezo kwa jambo ambalo halikutokea. Sifuri ni jibu, na kutojua si jibu. Ukurasa wa haki huandika "Taarifa za deni hazipatikani kwa sasa" mahali pa tarakimu, tena kwa namna isiyoweza kudhaniwa kuwa ni tarakimu.

Hali kadhalika, huduma moja ikikwama si lazima ukurasa wote ufungwe. Ghala la leseni likifungwa, ghala la vibali vya ujenzi linaweza kuendelea. Taarifa zilizokuwapo zinaweza kuonyeshwa mradi ukurasa utaje umri wake, kwa mfano: "Taarifa hizi ni za jana jioni." Mtumishi anapoona huduma gani imekwama na imekwama tangu lini, anaweza kumwambia aliye dirishani jambo la kweli, na anaweza kuwaarifu wengine kabla hawajapanda bodaboda.

Saa nayo ina mtego wake. Mkazi husema tatizo lilitokea saa 4:10 asubuhi. Simu yake huandika 10:10. Daftari la seva nyingi hufuata saa ya kimataifa ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3, hivyo huandika 07:10. Mtaalamu akitafuta tukio la 04:10 hatalikuta. Ndiyo maana namba ya tukio ni bora kuliko kumbukumbu ya saa peke yake, na ndiyo maana anayetaja saa anapaswa kutaja pia kama ni ya asubuhi, mchana au usiku.

Hatua kwa mkazi aliyekwama

1. Usome ujumbe wote kabla ya kubofya tena. Ukitaja sehemu ya fomu, anza na sehemu hiyo. Linganisha namba na kitambulisho au cheti chenyewe, usitegemee karatasi ya kunakili. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, ya mlipakodi ina tarakimu 9.

2. Ujumbe ukisema muda wako umekwisha au hujatambuliwa, ingia upya kwa nywila yako. Usimpe mtu mwingine nywila ili akusaidie.

3. Ujumbe ukionyesha kuwa tatizo ni la upande wa huduma, subiri kwa muda uliotajwa. Kubofya mfululizo hakuharakishi jibu, na kunaweza kuongeza msongamano.

4. Iwapo ulikuwa katikati ya malipo, usilipe tena na usiombe namba mpya. Angalia kwanza hali ya malipo kwa namba ile ile. Tunza ujumbe wa simu ya malipo.

5. Piga picha ya skrini, au andika maneno ya ujumbe kama yalivyo, msimbo wake, namba ya tukio, tarehe na saa. Andika pia ulikuwa unafanya nini: kuomba leseni, kulipa ushuru au kuchapisha stakabadhi.

6. Peleka maelezo hayo kwa mtendaji wa kijiji, ofisi ya kata au Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri. Kabla ya kumpa mtu picha ya skrini, hakikisha haionyeshi nywila, na usiitume katika makundi ya simu, kwani inaweza kuwa na namba ya kitambulisho chako.

7. Mtu akikupigia simu akidai kwamba anarekebisha hitilafu yako na kukuomba nywila au namba ya siri ya fedha za simu, kata simu na utoe taarifa. Kurekebisha hitilafu hakuhitaji namba yako ya siri.

Kwa wasiotumia simu janja, daftari dogo linatosha. Mtumishi wa dirishani anaweza kuombwa asome ujumbe kwa sauti na kumwandikia mkazi namba ya tukio. Ombi hilo si usumbufu. Ni sehemu ya huduma.

Malalamiko yanayotengeneza mfumo

Mkazi akisema "mfumo umegoma", taarifa yake ni ya kweli lakini haina pa kushikika. Mtaalamu hajui aanzie wapi kati ya huduma nyingi. Akisema "niliomba ankara ya leseni Jumanne saa 3:20 asubuhi, nikapata tukio namba 48213", tatizo lina anwani. Malalamiko kumi yenye namba yanaweza kuonyesha kwamba yote yanatoka katika huduma moja, au kwamba wananchi wengi wanakosea sehemu ile ile ya fomu. Wengi wakikosea mahali pamoja, kinachopaswa kurekebishwa ni fomu yenyewe.

Ujumbe usioeleweka nao ni hitilafu, na unaweza kuripotiwa kama hitilafu nyingine yoyote. Mkazi ana haki ya kusema: maneno haya sikuyaelewa, hayakuniambia nifanye nini. Taarifa ya namna hiyo ni msaada kwa waandaaji wa mfumo, kwa kuwa wao huujua mfumo kwa ndani na ni vigumu kwao kuuona kwa macho ya anayeufungua kwa mara ya kwanza, kwenye simu ndogo, siku ya mwisho ya leseni yake.

Mama mwenye duka la nafaka aliuliza swali moja dirishani: kosa ni langu au ni lenu? Jibu lilikuwapo tangu asubuhi, katika seva iliyokwisha kulitoa. Ujumbe mzuri ni ule unaolichukua jibu hilo kutoka ghalani na kulifikisha kwa aliyeuliza, kwa lugha yake, kabla hajafunga duka.